Anzeni Kwangu

Kilichomkera Kokwijuka kuliko hata ugonjwa wa migomba ni lile koti la Mwenyekiti wa kijiji. Rwegoshora alilivaa hata jua likiwa la utosi, koti la kijivu lenye mfuko wa ndani, na ndani ya mfuko huo alitembea na barua za watu. Barua ya kijana anayetafuta kazi, barua ya mama anayetaka kumhamisha mtoto shule, zote zililala humo zikingoja sahihi yake. Akikutana nawe njiani, alilipapasa koti ili usisahau. Barua ya Kokwijuka ilikuwa humo wiki ya tatu sasa.

Ilikuwa barua ya mistari minne tu. Anwar, mwenye duka la pembejeo kule Kayanga, alitaka kumwajiri Kokwijuka asimamie kitalu cha miche safi ya migomba hapa Kibingo. Alikuwa ameona namna mjane huyu anavyotunza kibanja chake cha migomba, akasema mtu wa namna hiyo hatafutwi kwa tangazo. Alichohitaji ni kijiji kimtambulishe kwa maandishi, basi.

"Nitasaini tu, mama Ainembabazi," Rwegoshora alikuwa akimjibu kila alipomwamkia shikamoo. "Ila tuelewane. Novemba tuna uchaguzi, na mimi sipendi maneno maneno kijijini."

Maneno gani? Kila mtu Kibingo aliyajua, na kila mtu alikuwa ameyameza. Unyanjano, ule ugonjwa wa migomba, ulikuwa umeingia kwenye kibanja cha Mwenyekiti. Majani yalinyauka yakiwa bado mabichi, ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Dawa yake hakuna. Ni kung'oa shina zima na kulifukia, na panga lililoligusa kupitishwa motoni kabla halijagusa mgomba mwingine. Rwegoshora hakung'oa hata shina moja. Alikuwa akikata migomba iliyougua na kuifunika kwa majani makavu, na vibarua wake wakitoka hapo waliingia vibanja vya wengine na mapanga yale yale.

Na huyu ndiye aliyesimamia sheria ndogo ya kijiji mwaka jana! Kokwijuka alikuwapo siku walipoingia kwa Eustadia, bibi wa miaka sabini na kitu, wakiwa na majembe kama wanaokwenda kwenye kazi ya harusi. Ugonjwa ulikuwa umeripotiwa kwenye kibanja cha jirani wa bibi huyo. Rwegoshora akafungua karatasi, akasoma kwa sauti: ukaguzi utaanzia pale palipotolewa taarifa, kisha utakwenda kwa jirani, mpaka kwa mpaka, bila kuruka kibanja cha mtu yeyote. Alilirudia lile neno "yeyote" mara mbili. Wakang'oa kibanja chote cha bibi, na kwa kuwa kaburi la mumewe lilikuwa katikati ya migomba, wakapita juu yake. Eustadia hakulia. Alichukua jembe akachimba pamoja nao, kwa sababu, alisema, migomba yake isifukiwe na watu wasioijua. Tangu siku hiyo anakula ndizi za kuomba. Mkuki kwa nguruwe, bwana, kwa binadamu mchungu.

Sasa utauliza, kwa nini hakuna aliyekwenda kumripoti Mwenyekiti? Hapo ndipo watu wa huku tunapojifunga wenyewe. Kutaja ugonjwa kwenye kibanja cha mwenzako ni aibu kubwa, ni kama kumtakia njaa. Ukitaja leo, kesho migomba yake ikifa utaambiwa ulimi wako ndio ulioiua. Na cha kwako ukikiripoti umejichimbia mwenyewe. Basi kila mmoja akafunika la kwake na kufumbia macho la jirani, na ugonjwa ukatembea kwa raha zake.

Jumatatu moja asubuhi Kokwijuka alikuta mashina yake matatu yameanza kunyauka, yote upande wa mpaka, pale mistari ya vichaka vya mlamula inapotenga kibanja chake na cha Mwenyekiti. Mawili yalikuwa mashina tu. La tatu lilimkata maini. Chini ya shina lile mama mkwe wake alizika kondo la nyuma la Ainembabazi, miaka kumi na mitano iliyopita, na mgomba wa namna hiyo haukatwi ovyo. Marehemu Yustus, mumewe, alikuwa akiuegemeza miti miwili kila ulipozaa, hata kama mkungu wenyewe ni mwepesi.

Alimwita shemeji yake, Ainebyona, aje aone. Ainebyona akaangalia, akageuza uso.

"Ng'oa kimyakimya jioni, ufukie," alisema. "Barua yako bado iko kwenye koti la mtu. Mwenye nguvu mpishe, shemeji."

"Nikimpisha, ataishia wapi? Jikoni kwangu?"

"Utapata kazi, utanunua ndizi."

Kokwijuka alihisi hasira ikimpanda mpaka kichwani. Kununua ndizi! Yeye, mwenye kibanja alichoachiwa na mume, kibanja chenye mbolea ya miaka arobaini, aende sokoni kununua ndizi kama mgeni! Na angeng'oa haya matatu leo, msimu ujao yangeugua kumi, kwa maana chanzo kilikuwa ng'ambo ya mlamula kimevaa koti.

Siku iliyofuata alipanda bodaboda mpaka Kayanga. Anwar alimpa kiti, akamwagizia chai ya tangawizi, akamsikiliza mpaka mwisho. Babu yake alihamia huku kutoka Pangani na mzigo wa vitambaa kichwani, na Anwar hakuacha kulisema hilo kila biashara ilipotajwa.

"Dada Kokwijuka," alisema, "babu yangu alikuwa na kanuni moja. Bahatisha na kile ambacho ukikikosa bado utakula. Kinachokulisha usikiweke rehani hata kwa sultani."

"Na kazi yako je? Bila barua utampa mwingine?"

Anwar akafungua daftari lake la oda. "Sitakudanganya. Miche inafika mwezi ujao. Nikikosa barua, nitatafuta kijiji kingine."

Angalau huyu alisema kweli. Njiani kurudi, Kokwijuka alipima. Barua akiikosa, atabaki alivyo, mkulima mwenye kibanja. Kibanja akikikosa, barua itamfaa nini? Atasimamiaje miche ya watu huku kwake pamekuwa jangwa? Mara akaikumbuka ile karatasi ya mwaka jana, mpaka kwa mpaka, bila kuruka, akacheka peke yake mpaka dereva wa bodaboda akageuka kumtazama.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa Alhamisi. Rwegoshora aliongea sana kuhusu maendeleo. Alitaja barabara na umoja, akawaonya watu dhidi ya wale aliowaita wachochezi. Alipofika kwenye mengineyo, Kokwijuka akanyoosha mkono. Akasimama.

"Mwenyekiti, nina taarifa ya unyanjano."

Rwegoshora alipapasa koti lake taratibu.

"Unamtaja nani, mama?"

"Simtaji mtu. Najitaja mimi. Mashina matatu kwangu yanaumwa. Naomba sheria ifuate mkondo wake leo hii, kama ilivyofuata kwa bibi Eustadia. Anzeni kwangu."

Palikuwa na mnong'ono, halafu mtu nyuma akaguna "Waitu!" kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Wengine walianza kuelewa mmoja mmoja, wakigeuka kumtazama Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna asiyejua nani anapakana na Kokwijuka.

"Kamati itapanga siku," Rwegoshora alisema.

"Kwa Eustadia haikupanga," alijibu Mbonimpa, mtunza kumbukumbu wa mkutano, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akibisha. "Iko kwenye muhtasari. Walikwenda siku ile ile."

Wakaenda. Watu zaidi ya sitini waliingia kwa Kokwijuka, na yeye hakumwachia mtu jembe. Mashina mawili aliyang'oa kwa haraka. Kwenye la tatu alisimama. Alitamani kusema wangojee, kwamba hili lina mtoto wake ndani yake, kwamba Yustus aliliegemeza kwa mikono yake. Kisha akaona uso wa Rwegoshora ukiwa na matumaini. Mzee yule alikuwa akiomba kimoyomoyo ashindwe! Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kokwijuka akapiga jembe, akalia huku akichimba, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, wala hakufuta machozi mpaka mzizi wa mwisho ulipotoka. Kisha akawasha moto wa majani, akapitisha panga lake, akalinyoosha juu walione.

"Kwangu tumemaliza," alisema. "Jirani."

Rwegoshora alikuwa ameshatangulia kwenye mlamula, amesimama kwenye uwazi kama mlango, mikono imetanuliwa.

"Ndugu zangu, humu amelala baba yangu. Hatuwezi kuingia kwa mapanga kwenye kaburi la mzee. Sisi si wanyama. Tuna mila."

Kwa muda mfupi ilionekana atashinda. Wanaume waliinamisha vichwa. Makaburi yana uzito, na Mwenyekiti alijua pa kushika. Kokwijuka akaona hesabu yake yote ikienda na maji: barua hana, mgomba wa mwanawe hana, na ugonjwa umebaki pale pale ng'ambo.

Ndipo Eustadia alipopita katikati ya watu. Alikuwa amekuja na jembe, na hakuna aliyeona wakati gani alilichukua nyumbani. Akasimama mbele ya Rwegoshora, kimo chake kikimfika kifuani.

"Mila ilikuwa wapi siku ile?" aliuliza. "Mume wangu alikuwa mbwa?"

Bibi hakungoja jibu. Alimsukuma mkono mmoja kwa mpini, akauvuka mlamula. Mama mmoja akamfuata, halafu Mbonimpa na daftari lake, halafu wote. Walifunua majani makavu, wakakuta mashina yaliyokatwa yakivuja usaha. Mbonimpa aliyahesabu kwa sauti, na alipofika sitini na nne akaacha, kwa kuwa hawakuwa wamefika hata nusu. Vibarua wawili wa Mwenyekiti walikuwa wamesimama pembeni na mapanga mikononi. Walipoona watu wakiyatazama mapanga yale, waliyaweka chini kama yamewaunguza.

Rwegoshora alimgeukia Kokwijuka. Akatia mkono ndani ya koti, akaitoa barua, ya mistari minne, imekunjika kwa kukaa mfukoni, akaichana vipande viwili, na viwili vikawa vinne.

"Haya. Kazi yako hiyo. Umefaidi nini?"

Kokwijuka alivitazama vile vipande vikianguka kwenye udongo. Viliuma, asikudanganye mtu. Ada ya Ainembabazi ilikuwa kwenye karatasi ile, na bati jipya la jikoni.

"Nimefaidi kibanja," alisema. "Na kesho naenda kuchukua fomu ya uenyekiti. Nimeshajua kazi yenyewe haihitaji koti."

Watu walicheka, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa muda mrefu. Eustadia peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya shina la kwanza, la karibu kabisa na kaburi, akimngoja Mwenyekiti. Aliposogea, bibi akamkabidhi jembe, mpini mbele, kama anavyokabidhiwa mtu mzima.

"Zunguka kwa upande huu," alimwambia, "usimkanyage baba yako. Mimi sikupewa nafasi hiyo."

Rwegoshora akavua koti, akalitundika kwenye mlamula, akaanza kuchimba.