Koni ya Sentimita Kumi na Tano

Siku za mwizi ni arobaini, na Mwalimu Gahongayire aliamini za Iteka zimetimia. Binti gani huyu anayepata mia kila jaribio la hisabati? Lazima alikuwepo mtu wa kumfanyia, na safari hii mtu huyo hakuwepo.

Swali la saba lilikuwa jepesi. Koni ina nusu kipenyo cha sentimita 15, na ubavu wake, kutoka ncha hadi ukingo, ni sentimita 12. Tafuta kimo na ujazo. Darasa zima lilipata kimo cha 9, sawasawa na mwongozo wa majibu. Iteka hakukokotoa chochote. Aliandika: "Koni hii haiko."

Gahongayire alimpa sifuri na kumpeleka kwa Eustache, msimamizi wa nidhamu. Barua ya kumfutia ufadhili wa masomo ilikuwa mezani, ikisubiri sahihi ya mwalimu.

"Nani anakufanyia hesabu nyumbani?"

"Hakuna, Madamu. Baba iko anatengeneza faneli za bati, zile za kumiminia mafuta, pale Gikondo. Mimi namukatia bati."

"Nimekuuliza hesabu, sikukuuliza bati."

Binti aliomba karatasi na bikari. Akachora duara la nusu kipenyo cha 12, akalikata, akalipasua hadi katikati na kulikunja likawa koni.

"Ukikunja, mudomo inapungua. Ukikunjua yote inakuwa sahani, na bado iko kumi na mbili. Ile kumi na tano itatoka wapi?"

Gahongayire aliishuku hata rula ya ofisi. Akapima kwa yake, mara mbili. Ndipo akakumbuka. Mwaka jana nusu kipenyo kilikuwa 12 na ubavu 15. Ili watoto wasinakili madaftari ya kaka na dada zao, alizibadilisha nafasi namba hizo mbili na kuuacha mwongozo ulivyokuwa. Darasa nalo likatoa mraba wa namba ndogo kwenye mraba wa kubwa kama lilivyozoea. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Tusaini, Mwalimu?" Eustache alimsogezea barua.

Aliichana mara mbili. "Nisamehe, Iteka. Nilikushuku bure."

"Sasa aliyekosea ni nani?" Eustache aliuliza.

Gahongayire alichukua kalamu nyekundu, akaanza na mwongozo wake mwenyewe.