Mikono Miwili ya Kushoto

Katika chumba kile kikubwa cha kushonea sare, mtu haitwi kwa jina la baba yake wala la mtoto wake. Anaitwa kwa kipande anachoshona. Kulikuwa na Bi Mifuko, kulikuwa na Dada Mapindo, kulikuwa na Mzee Vifungo aliyekaa dirishani kwa ajili ya macho yake, na kulikuwa na Mama Kola, ambaye habari hii ni yake. Vipande vilipita mkono kwa mkono toka mlangoni hadi meza ya pasi, na vikifika huko vimeshakuwa shati. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusema, "Shati hili nimelishona mimi." Mama Kola alianza kushona kola akiwa msichana mwembamba, sasa anavaa miwani, na kazi yenyewe, kukata kola na kuzishona, angeweza kuifanya usingizini. Akikutana na mlinzi au mwanafunzi barabarani alimtazama shingoni kwanza, usoni baadaye, na watu wasiomjua walidhani ana kiburi.

Alhamisi moja bahati mbili zilimwangukia kwa mkupuo, na bahati mbili kwa mkupuo ni mzigo.

Asubuhi meneja alimwita ofisini. Meneja alikuwa mama mnyoofu, asiyependa maneno mengi. Alimwambia kwamba msimamizi wa chumba anastaafu, na nafasi ni yake akiitaka. Hatashona tena. Atatembea kati ya cherehani akiangalia wenzake, mshahara utapanda, na mkataba utakuwa wa kudumu mpaka uzeeni.

"Nenda kafikirie," meneja akasema. "Jumatatu uje utie sahihi."

Jioni, hata viatu hajavua, wifi yake akaingia bila hodi. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwenye saluni kwenye barabara ya soko, na mdomo wake haukujua saa ya kufunga duka.

"Wifi, kaa chini kabla hujaanguka! Kile chumba cha pembeni yangu kiko wazi. Yule fundi simu kahama. Nimembana mwenye nyumba asimpe mtu mpaka Jumatatu."

"Asimpe mtu kwa nini?"

"Kwa sababu ni chako! Uweke cherehani yako mle, uwe fundi wa watu. Mpaka lini utakuwa fundi wa shingo?"

Mama Kola akacheka. Kisha akavuta kiti, akakaa kweli. Ilikuwa furaha, na ilikuwa hofu, na zote mbili zilikuja kwa mlango mmoja. Maana kiwanda kile kilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: aliyetoka hakurudi. Wapo walioondoka kwa vifijo, wakaja kusimama getini baada ya muda, na mlinzi akawapokea kwa salamu tu. Na nyumbani kwa Mama Kola mshahara wa kola ndio uliokuwa nguzo. Mumewe alikuwa fundi bomba, na kazi zake zilikuja kama mvua, leo mafuriko, kesho ukame.

Wakati wa chakula alimwambia yote. Mume akatafuna, akameza, akachota tonge jingine.

"Baba watoto, sema neno basi."

"Nikikwambia usiende, utaninunia mpaka tuzikwe. Nikikwambia nenda, siku tukikosa utanitazama mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naogopa. Neno langu ndilo hilo." Akanywa maji. "Ila tangu dada atoke hapa hujakaa kitako. Meza hii umeshaifuta mpaka inang'aa. Na hiyo miwani unayoitafuta iko kichwani kwako."

Kesho yake kazini alimnong'oneza Mzee Vifungo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wao na alijua kutunza siri. Mzee hakuinua hata macho kwenye sindano.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Mimi nimewaona waliouacha."

Maneno hayo yalimkaa kifuani siku nzima. Alipopita saluni jioni, akayatua kwa wifi yake kama alivyoyapokea. Wifi alikuwa anasuka kichwa cha mteja, akasuka kwa nguvu zaidi mpaka mteja akaguna.

"Mbachao wenyewe umeukalia mpaka umetoboka! Sasa sikiliza, mimi sitaki kesi." Akajifuta mikono, akavuta mfuko chini ya kioo, akatoa kitambaa. "Kesho kutwa nina sherehe ya rafiki yangu. Nishonee gauni. Ukilimaliza, mwenyewe utajua la kufanya. Likikushinda, nenda katie sahihi, na mimi sikusumbui tena. Naapa."

Kilikuwa kitambaa cha maua ya manjano, uso wake uking'aa, ndani kimepauka. Na hakikuwa kingi. Mama Kola alikipitisha vidoleni na mwili ukamsisimka. Alitembea nacho mpaka nyumbani amekikumbatia, akipishana na majirani bila kuwaona.

Jumamosi, mapema, aliwafukuza watu wote sebuleni. Akasogeza viti, akatandika karatasi sakafuni, akachora. Wifi yake alimjua mwili mzima, kwa macho tu angempima, lakini jana pale saluni alikuwa amempima kwa tepu vilevile. Akakata mbele, akakata nyuma. Mkasi ulikuwa unakula kitambaa vizuri, na yeye alikuwa anaimba kwa sauti ambayo haijasikika nyumbani humo miaka mingi. Mumewe, uani, aliacha kunoa msumeno wake wa mabomba akasikiliza.

Ikaja zamu ya mikono. Alichora mkono mmoja kwenye karatasi, akachukua vile vipande viwili vya kitambaa vilivyobaki, akavilaza kimoja juu ya kingine, uso juu, uso juu, kama kiwandani, akakata vyote kwa pamoja. Hakufikiri hata kidogo. Vidole vilijua kazi yao.

Mkono wa kushoto ulikaa begani kama umezaliwa nao. Akaruka kwa furaha, akapiga makofi peke yake. Akashika wa kulia, akauunga, akageuza gauni, akalitundika. Mkono ule ulikuwa umejikunja kwenda nyuma, kana kwamba unamsalimia mtu aliye mgongoni. Akafumua. Akaunga tena, taratibu, kwa pini nyingi. Ukasalimia tena nyuma. Akaufumua, akafumua na wa kushoto, akailaza sakafuni ubavu kwa ubavu, akaguna, akapiga magoti, akatazama vizuri.

Ilikuwa mikono miwili ya kushoto.

Mshonaji yeyote wa mtaani anajua kwamba kitambaa cha mikono hukunjwa kwanza, uso kwa uso, ndipo mkasi ukapita ukatoa wa kushoto na wa kulia. Mama Kola naye alilijua hilo, zamani. Lakini kola haina kushoto wala kulia. Ilaze utakavyo, ikate utakavyo, itakaa tu. Miaka yote ile ya kulaza uso juu, uso juu, ilikuwa imemfutia jambo ambalo hata mwanagenzi hulijua wiki ya kwanza. Na kuugeuza mkono ndani nje haikusaidia, maana upande wa ndani ulikuwa umepauka. Kitambaa kingine hakikuwepo, vilibaki vijipande.

Akakaa sakafuni na mikono yake miwili ya kushoto mapajani. Aliona ofisi ya meneja, aliona kalamu. Kisha ile salamu ya kwenda nyuma ikamrudia akilini, na badala ya kulia akaangua kicheko, kicheko cha kushika mbavu, mpaka mumewe akaja mbio na spana mkononi.

"Nini? Umejikata?"

"Nimekosea!"

"Sasa unacheka nini?"

"Nimekosea, baba watoto! Unajua mara ya mwisho mimi kukosea ni lini?"

Mumewe hakujua. Hata yeye hakujua. Kwenye kola hakukuwa na pa kukosea. Vidole vilishona, yeye akawaza mboga, akawaza ada za shule, akawaza kwa nini jirani hamwitikii siku hizi, na jioni rundo limeisha wala hakumbuki hata kola moja. Leo alikuwa ametota jasho, nywele zimemtimka, amefanya kosa la kijinga kuliko yote aliyowahi kufanya, na tangu asubuhi hakuwa amewaza kitu kingine chochote. Alijisikia mzima. Alilisema hilo kwa sauti, "Niko hai mie," na mumewe akarudi uani polepole, akitazama nyuma.

Lakini gauni lilikuwa halina mikono na sherehe ilikuwa kesho. Mama Kola akafumua mishono ya ile mikono yote, akaipiga pasi ikalala chini. Akazunguka sebule. Akajiuliza anachokijua duniani ni nini, na jibu lilimfanya acheke tena. Akachora upya. Safari hii alikunja karatasi, akakunjua, akakunja tena, akahakiki kama mtu anayevuka barabara. Kutoka kwenye mikono miwili alitoa kola moja pana sana, yenye mshono katikati ya mgongo, inayoanzia shingoni, inalala mabegani, na kushuka mpaka juu ya viwiko.

Jumapili mchana wifi alifika, akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati.

"Mikono yangu iko wapi?"

"Imepandishwa cheo," Mama Kola akajibu.

Wifi akageuka kushoto, akageuka kulia. Kola ikazunguka naye, ikatulia naye. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakusema kitu, na Mama Kola akahesabu hilo kuwa malipo. Ukweli ni kwamba bega moja lilikuwa limekaa juu kidogo kuliko la pili. Aliliona tangu usiku na halikumwacha alale vizuri, maana tayari alijua angelirekebisha vipi kwenye gauni lijalo.

Jumatatu alfajiri wifi alimsubiri njiani.

"Kwenye sherehe mmoja kasema nimevaa mwavuli," akaripoti. "Mwingine kauliza fundi ni nani. Nikamwambia fundi bado anafikiria."

Mtu mmoja aliyeuliza hainjiki chungu, na Mama Kola hakujidanganya. Alitembea mpaka kiwandani. Alipopita getini alimtazama mlinzi shingoni, kola yake mwenyewe hiyo, kisha akamtazama usoni, akamwamkia, mlinzi akashangaa.

Meneja alikuwa ameshaweka mkataba mezani, na kalamu juu yake.

"Nashukuru sana, mama," Mama Kola akasema, bado amesimama. "Lakini naondoka. Nafungua chumba changu, cha kushona."

Meneja akavua miwani. "Unajua hapa hatumrudishi mtu."

"Najua."

"Na ukishindwa?"

"Nilishashindwa Jumamosi," akasema, na tabasamu likamtoka bila kuomba ruhusa. "Vibaya sana. Ndiyo maana nimekuja kukuaga."

Meneja hakuelewa, na si kosa lake. Alimpa mkono na kumtakia heri.

Alipokuwa anakusanya vitu vyake, Mzee Vifungo alitikisa kichwa. "Mbachao, mama, mbachao," akanung'unika. Kisha akatazama huku na huku, akainama. "Hivi, huko kwako, vifungo vitahitaji mtu?"

"Vifungo nitavishona mwenyewe, mzee wangu. Lakini njoo nikushonee shati."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye hakungoja yapoe. Jioni ile ile alimlipa mwenye nyumba, na kesho yake mumewe akambebea cherehani kwa toroli lake la mabomba, akiogopa bado na akisema hivyo njia nzima, huku analisukuma. Wifi alifagia chumba akitoa amri. Juu ya mlango hapakuwa na kibao, ukutani palitundikwa gauni la manjano lililokopwa kwa mwenyewe, na Mama Kola akakaa kwenye kiti chake, akitazama barabara.

Watu walipita. Walipita sana. Kisha mwanamke mmoja asiyemjua akasimama na kitambaa kwapani, akachungulia, akaliangalia lile gauni kwa muda.

"Samahani, dada," akauliza. "Hapa mnashona nini?"

Mama Kola akasimama.

"Nguo nzima," akasema.