Kiti cha Kutulia

Kazi ya wiki tatu Mwalimu aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Mkuu wa ofisi alikuwa amemwagiza aufanyie marekebisho mwongozo wa malezi, ule aliokuwa akiwafundishia wazazi kwa miaka kumi na mmoja, ili sasa uwafae watu wanaolea watoto wasiowazaa: mabibi, mashangazi, wajomba, na familia zinazopokea watoto kutoka ustawi wa jamii. Aliambiwa akae nao, awasikilize, aulize nini kinawafaa na nini hakiwafai. Mwalimu akafungua kompyuta, akaiamuru iondoe neno "mzazi" kila lilipo na kuweka "mlezi". Kompyuta ikamjibu kwamba imebadilisha mahali mia tatu na kumi na mbili. Akaweka picha ya bibi na mjukuu kwenye jalada. Kisha kwenye fomu ya ofisi, palipoandikwa "Umeshauriana na walezi?", akatia alama ya ndiyo, akamalizia chai yake.

Tusimwonee. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameufundisha mwongozo ule mpaka anauota, na alikuwa ameona kwa macho yake wazazi wakali wakilainika. Tatizo la mtu aliyekwisha kuona dawa ikiponya ni kwamba huanza kumnywesha kila anayekohoa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwalimu iliishia ukurasa wa nne. Darasa lilikuwa kila Jumanne alasiri, kwenye maktaba ya shule ya msingi, na walezi kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Aliyepewa zamu ya kusoma alikuwa fundi baiskeli mmoja mnene, mlezi wa watoto watatu wa dada yake, ambaye darasa zima lilimwita Mjomba Spoku.

"'Mlezi,'" alisoma, "'funga macho, uikumbuke miezi tisa uliyombeba mtoto tumboni.'"

Akaufunga mwongozo, kidole chake chenye grisi kikiwa katikati ya kurasa.

"Mwalimu, tumbo ninalo, kila mtu analiona. Ila sikumbuki kubeba mtu."

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mwalimu naye akacheka, akasema ni makosa ya wachapaji, turuke ukurasa huo. Huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Mmoja tu hakucheka, kwa sababu alikuwa bado anaandika. Huyu walimwita Bibi Cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na hata darasani futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni. Kila alilosema Mwalimu yeye aliliingiza kwenye daftari. Alikuwa akimlea mjukuu wa marehemu dada yake, binti wa miaka sita, aliyeletwa kwake miezi minne iliyopita na mwanamke wa ofisi ya ustawi mwenye faili mkononi, vitu vya mtoto vyote vikiwa katika mfuko mmoja wa plastiki.

Jumanne ya nne walifika kwenye kiti cha kutulia, somo ambalo Mwalimu alilipenda kuliko yote. Mtoto akikosa, humpigi kelele wala fimbo. Unamkalisha kwenye kiti, uso ukutani, dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Hakuna anayemsemesha wala kumtazama mpaka dakika zake ziishe. Alilieleza vizuri, kama kawaida yake, na walezi wakawa wanaitikia kwa vichwa.

Bibi Cherehani akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Huyu wangu ameshahamishwa mara mbili. Kwangu ni nyumba ya tatu. Nikimgeuzia mgongo, si ataona namfukuza?"

Swali lile halikuwamo kwenye mwongozo. Mwalimu alihisi uzito wake; hilo hakuweza kulikana baadaye. Lakini zilikuwa zimebaki kurasa mbili na saa ilikuwa imekwenda.

"Bibi, njia hii imejaribiwa," akasema. "Mtoto ni mtoto. Siku mbili tatu atalia. Usimjibu, usimtazame. Ukimtazama unaharibu."

"Ukimtazama unaharibu," Bibi akarudia, akiandika.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Mjomba Spoku akanong'ona, akiwaambia viatu vyake. Mwalimu alimsikia, akajifanya hakusikia, akauliza kama kuna swali jingine.

Baada ya hapo Bibi Cherehani hakuonekana Jumanne mbili. Mwalimu alihitaji wahitimu kumi na mmoja wote kwa ajili ya taarifa ya mwisho wa mwezi, maana mwongozo ukipita ungepelekwa kwenye ofisi zote za ustawi. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi akabana faili kwapani, akaenda. Ukweli usemwe: hakwenda kumjulia hali mtu, alikwenda kuhesabu kichwa.

Bibi aliishi katika vyumba viwili nyuma ya safu ya maduka. Cherehani ilikuwa dirishani, sketi za buluu zimerundikwa kitini zikisubiri kukunjwa pindo, na vipande vya uzi vimetapakaa sakafuni. Kati ya kabati na mlango palikuwa na kiti cha mbao kilichoelekea ukutani. Juu yake alikaa yule binti. Miguu yake haikufika chini, na mapajani alikuwa amepakata mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ndani."

Mtoto aliposikia sauti ngeni aligeuka. Hakumtazama Mwalimu usoni. Alitazama faili. Akateremka, akakiweka kiti sawasawa, akaja mpaka mbele ya mgeni, mfuko ameushika kwa mikono miwili.

"Shikamoo," akasema. "Viatu nimeshavaa."

"Marahaba. Unakwenda wapi, mama?"

"Sijui. Wewe ndiye unajua."

Bibi akaweka mkasi chini. "Huendi mahali, mjukuu wangu. Huyu ni mgeni tu. Nenda ukacheze uani."

Mtoto hakwenda uani. Alirudi kitini, akaupa ukuta uso.

"Mimi simweki tena," Bibi akasema kwa sauti ya chini. "Nilimweka siku nne tu. Sasa anajiweka mwenyewe. Akimwaga maji, anakwenda kukaa. Kijiko kikianguka, anakwenda kukaa. Jana niliyeunguza chakula ni mimi, akaenda yeye." Akapangusa nyuzi mapajani ingawa hazikuwapo. "Zamani alikuwa ananiibia sukari, ananipigia makelele, ananiambia mimi si bibi yake. Nilikuwa nachoka, lakini nyumba ilikuwa na mtu. Sasa hagombi. Haombi kitu."

Mwalimu akahamishia faili kwapa la pili.

"Nadhani nilikosea kuhesabu dakika," Bibi akaendelea. "Ile saa yangu ya ukutani huwa inachelewa. Ndiyo maana nikaona haya kuja darasani."

Hapo mlango ulikuwa wazi, unaambiwa pita. Ilitosha kusema, hukukosea wewe, Bibi, nimekosea mimi. Mwalimu aliyaona maneno hayo yamejipanga, akashindwa kuyatoa. Mtu wa miaka kumi na mmoja ya kusifiwa hajui hata yanaanzia wapi.

"Labda," akasema. "Labda ni saa."

Akajaza fomu ya matokeo akiwa njiani, ameiegemeza kwenye ukuta wa duka. Kelele: zimepungua. Wizi: umekoma. Ukaidi: umekoma. Matokeo: mazuri sana. Kwa vipimo vya fomu, hakuna mstari hata mmoja uliokuwa wa uongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Uso wake ulikuwa unawaka. Akahamia upande wenye kivuli, kana kwamba ni jua.

Jumanne iliyofuata Bibi Cherehani alikuja. Hakukaa. Alisimama na daftari lake kifuani, akaomba aseme neno kabla somo halijaanza.

"Ndugu zangu, mzigo huu umenishinda. Mwalimu alinifundisha vizuri, daftari hili hapa, yote nimeandika. Mimi ndiye sikuweza. Nimemharibu mjukuu wa marehemu. Ijumaa nitakwenda ustawi, wamtafutie nyumba ya mtu anayejua." Akalikaza daftari kifuani. "Nimeona niwaambie wenyewe, msije mkasikia kwa watu."

Nyumba ya nne. Mwalimu aliihesabu kimoyomoyo, na mfuko wa plastiki ukamjia mbele ya macho.

"Kaa, Bibi," akasema. "Saa yako haina kosa."

Akaunyanyua mwongozo ili wote wauone.

"Huu sikuurekebisha. Niliambiwa nije niwaulize ninyi, nikabadilisha neno moja na picha ya jalada. Nikaandika kwamba nimeshauriana nanyi. Na siku ile Bibi aliponiuliza swali, nilijua ni swali la kweli. Nikatazama saa."

Alitegemea mtu amwambie haidhuru, Mwalimu, binadamu hukosea. Shangazi mmoja akaanza kufungua pochi yake na kuifunga, kufungua na kuifunga.

"Kwa hiyo ule ukurasa wa tumbo," Mjomba Spoku akasema.

"Ni mimi. Si wachapaji."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Safari hii hakucheka, na Mwalimu angelipa chochote acheke.

"Alhamisi," Bibi Cherehani akauliza taratibu, "pale nyumbani kwangu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nilale nalo siku tano." Bibi akaliweka daftari juu ya meza ndogo ya maktaba, akaliacha hapo. "Basi njoo kesho kutwa, umwambie mtoto mwenyewe kwamba hakukosa. Mimi nimeshamwambia mara ngapi, haniamini, mimi ndiye niliyemgeuzia mgongo. Ukishindwa, Ijumaa iko pale pale. Siwezi kumtazama mtoto akiishi namna hii."

Asubuhi yake Mwalimu alimpelekea mkuu wa ofisi barua ya kuziondoa fomu zote mbili. Mkuu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema mwongozo hauendi popote na kwamba watazungumza juu ya kazi yake. Mwalimu alitoka mle akitembea karibu na ukuta. Lakini hata hilo halikumtisha kama Alhamisi.

Alikwenda mikono mitupu, bila faili. Haikusaidia kitu. Mtoto alipomwona mlangoni alivaa viatu.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kitaalamu, na yote yakamkimbia.

"Sikuja kukuchukua," akasema. "Nimekuja kwa sababu nimekosa. Kile kiti, mimi ndiye niliyemwambia Bibi akuweke. Lilikuwa kosa langu. Si lako, si la Bibi."

Mtoto alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Umekosa?"

"Nimekosa."

Mtoto akageuka, akakionyesha kiti kwa kidole. "Basi kaa."

Bibi akafungua mdomo kumkataza mjukuu. Mwalimu akatikisa kichwa, akaenda, akakaa. Mbele yake palikuwa na ukuta wenye rangi iliyobabuka na tundu la msumari.

"Una miaka mingapi?" sauti ndogo ikauliza nyuma yake.

"Hamsini na mmoja."

"Ni mingi," mtoto akasema kwa kuzingatia. Kisha akaongeza, "Bibi, usimtazame. Ukimtazama unaharibu."

Yalikuwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, hayakupunguzwa wala kuongezwa. Cherehani ikaanza kukimbia. Mfuniko wa sufuria ukagongwa, mtu akapita uani akipiga mluzi, Bibi akakohoa. Nyumba nzima iliendelea na mambo yake kama vile yeye hajawahi kuingia humo. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewakalisha watoto wa watu kwenye kiti hiki, na hakuwahi kukikalia hata mara moja. Machozi yakamtoka, akaona haya kuyafuta, kwa kuwa angejulikana analia.

Akasikia viatu vidogo vikija. Kitu kikawekwa mapajani mwake, chepesi, chenye fundo.

"Shika," mtoto akamwambia kwa sauti ya kunong'ona. "Wakija, usisahau vitu vyako."

Cherehani ikasimama. Mwalimu aliushika mfuko ule kwa mikono miwili, kama alivyoona unavyoshikwa. Ndani alipapasa kitambaa na kipande cha mkate kilichokauka.

Kigoda kikakwaruza sakafu. Bibi Cherehani akaja akakaa kando yake, bega kwa bega, naye uso ukutani, futi shingoni.

"Hawaji," Bibi akasema. Hakuwa akimwambia Mwalimu. "Hapa haji mtu kumchukua mtu. Ijumaa nina sketi za kushona."

Kisha nyuma yao ndoo ya kufulia ikaburutwa, ikasimama, ikaburutwa tena, ikafudikizwa upande wa pili wa Bibi, na mtu mwepesi akakaa juu yake. Mwalimu hakugeuka kutazama. Alikuwa bado anaona haya, na dakika zake zilikuwa zimebaki nyingi.