Trei ya Muhuri

Jumatatu saa mbili asubuhi, mtafiti wa malaria aliweka fomu yake kwenye trei ya plastiki, mezani kwa karani. Ilikuwa ya ufadhili: miezi sita ya mafunzo ya kusoma vinasaba vya vimelea, kwa watafiti wasiozidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa na ishirini na tisa. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa.

"Muhuri wa mkurugenzi hautolewi kwa karatasi moja," karani alisema. "Zikifika kumi, nampelekea."

"Ziko ngapi?"

"Pamoja na yako, nne. Subira, dada."

Jumanne aliamka goti linauma, na mikunjo pembeni mwa macho. Mfagizi wa maabara alimtazama akifunga vifungo vya koti jeupe.

"Fomu bado iko kwenye trei?"

"Bado."

"Basi pole. Yule mtafiti wa kifua kikuu, fomu yake ilikaa humo siku tatu tu, akatoka na mkongojo. Usiinameiname."

Jumatano nusu ya nywele ilikuwa mvi. Vidole vilikakamaa, akaogopa kushika mirija ya damu. Damu ile ilikuwa ya watoto ambao dawa haiwasaidii tena, na haikuwa na akiba. Kila nusu saa alikwenda kuchungulia trei. Sita. Saba. Alimwomba Mungu watu waombe likizo.

"Ukichungulia hivyo unanitia wasiwasi, mama," karani alisema.

Alhamisi meno mawili yalibaki kwenye mkate. Alipofika kwenye ngazi akashika ukuta. Mfagizi akaegesha fagio, akampandisha.

Ijumaa saa tisa karatasi ya kumi ikafika, ya mtu aliyetaka kiti kipya. Mkurugenzi aligonga muhuri akiwa wima. Kwenye fomu ya ufadhili akanyanyua macho.

"Bibi, hizi nafasi ni za vijana."

"Jumatatu nilikuwa kijana."

"Najua. Jumatatu wote huwa vijana."

Akaigonga, maana utaratibu ni utaratibu. Karani akairudisha trei mezani, tupu.

Nyumbani, mama yake alikuwa mlangoni akimenya viazi. Alimwangalia binti yake tangu kichwani hadi miguuni, akaweka kisu chini, akafuta mikono, akasimama kumpisha kwenye kigoda.

"Shikamoo," alisema.

Mtafiti alitazama nyuma, kana kwamba yupo mwingine wa kujibu. Kisha akaketi.

"Marahaba."