Kura Moja ya Mzee Emory

Delbert Crouse alipofungua mlango wa chumba cha kikao, Mzee Emory Haskett na Wade Tolliver walinyamaza ghafla. Ah! Watu wazima wawili, maseneta wa jimbo, wamefunga midomo kama wezi wa kuku.

"Mlikuwa mnanong'ona nini?" Delbert aliuliza, akicheka kicheko cha mdomoni tu.

"Habari za nguruwe wangu," alisema Mzee Emory.

"Nguruwe wako wana siri gani, mzee?"

"Wewe nawe! Kawaulize wenyewe."

Asubuhi hiyo chama chao kilikuwa kinachagua kiongozi wa seneti, kiti alichokikalia Delbert miaka nenda miaka rudi, tangu alipotoka kwenye bodi ya shule kule milimani kwao. Hakuna aliyejitokeza kupambana naye, na hilo ndilo lililomnyima raha. Angejitokeza mtu, angalau angejua pa kutazama. Na huyu kijana Wade, anamnyemelea nini Emory? Emory aliyemwingiza Delbert kwenye siasa, akamfundisha hata kufunga tai!

Karatasi zikagawiwa. Sasa, pale kulikuwa na adabu moja ya zamani: kiongozi hajipigii kura. Kila mara Delbert aliandika jina la Emory, mkubwa wao kwa umri. Karani akilisoma, mzee hupiga meza: "Nani huyo mjinga?" Hapo chumba kizima huvunjika mbavu.

Leo Delbert alishika kalamu, mkono ukagoma. Je, kama wamepanga kumpigia Emory? Na yeye mwenyewe awasaidie kumchimbia kaburi? Thubutu! Akaandika: Crouse. Akaikunja karatasi haraka, akaitumbukiza sandukuni.

Karani akaanza kusoma. "Crouse. Crouse. Crouse." Delbert akaanza kupumua. Mzee Emory alikuwa ameshainua kiganja juu ya meza, tabasamu tayari. "Crouse. Crouse." Karani akaligeuza sanduku, akalitikisa. Tupu.

"Zote," alisema kwa sauti ndogo. "Kura zote ni za Crouse."

Mtu mmoja akapiga makofi, akaacha. Macho yakamgeukia Delbert, kisha yakamwendea mzee. Kiganja cha Emory kilishuka mezani polepole, bila sauti.

Wade, maskini, alikuwa kule nyuma akifunua keki, wala hakuwa amesikiliza. Mke wa Emory ndiye aliyeioka, maana mzee alikuwa anastaafu mwaka huo. Juu yake alikuwa ameandika kwa sukari: ASANTE DELBERT KWA KURA YANGU MOJA.

"Nguruwe wenyewe ndio hao," alisema Mzee Emory. Akachukua kisu, akakata kipande chenye jina la Delbert, akampelekea kwa mkono wake. "Hongera, mwanangu. Si ungeniuliza tu?"

Delbert alikipokea kwa mikono miwili. Wote walikuwa wanamsubiri aonje.