Majina Yaliyoshuka Shimoni

Sina subira na mtu anayesimama mlangoni kwa mwanamke na viatu vya matope akimwambia afunge kazi yake. Bwana afya alisimama hivyo kwa Sadiyo Dirie, Jumatatu moja ya mwaka wa 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimetuachia kipindupindu, na Kitengela nzima ilikuwa tope jeusi la kuvua watu viatu. Mimi nilikuwa ndani nikinywa chai, kwa hivyo nilisikia kila neno.

"Mama, hii hoteli haina choo. Jumamosi saa sita nikirudi nikose choo, nafunga, na leseni naenda nayo Kajiado."

"Ploti yangu imeishia hapo kwa ukuta," Sadiyo akasema. "Sasa nichimbe wapi?"

"Hiyo si shida yangu."

Nikainuka. Nilimwambia mimi ni Mugure, mwenye kinu cha unga hapo ng'ambo, na tena ni katibu wa Chama cha Wafanyabiashara wa Kitengela, na Chama hakitanyamaza. Alicheka hadi akashika fremu ya mlango.

"Chama gani? Kile cha kunywa chai na kuchagua viongozi?"

Iliniuma kwa sababu hakuwa mbali na ukweli. Miaka mitatu tulikuwa tunajenga ofisi ya Chama kwa mdomo. Ploti tulikuwa nayo, tena nyuma tu ya hoteli ya Sadiyo. Mawe pia tulikuwa nayo: wanachama thelathini na wanne, kila mmoja alileta mawe kumi ya machimbo. Na kwa vile hatukuaminiana hata kidogo, kila mtu aliandika jina lake kwenye mawe yake, wengi kwa rangi nyekundu, ili kesho asije mwingine akadai ukuta ni wake. Basi mawe yakakaa hapo, yameandikwa vizuri, nyasi zikiota katikati.

Sadiyo alikuwa mjane. Alitoka Garissa na watoto wanne, mkubwa wao Ifrah, na sufuria mbili, akaanza kuwapikia madereva wa malori ya Namanga na wachuuzi wa mbuzi. Hoteli ikifungwa, watoto wanatoka shule na yeye anarudi kuomba nafasi kwa shemeji zake. Aliniambia hivyo bwana afya alipoondoka, huku akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. Nilishikwa na hasira hata chai ikanishinda.

Siku hiyo hiyo niliitisha mkutano. Nikasema tuchimbe choo kwenye ploti ya ofisi, na kwa kuwa udongo wetu mweusi huporomoka ukiloa, shimo tulijengee kwa yale mawe.

Mwenyekiti wetu, Wanyoike, mwenye duka la misumari na mabati, alivua kofia. "Mugure, umerukwa na akili? Jina la babangu liingie chooni?"

Mawe yake kumi hakuyaandika jina lake. Aliandika Muturi, jina la marehemu babake, aliyeuza vitunguu kwenye njia panda hii wakati hapakuwa na duka hata moja. Alitaka yakae ukuta wa mbele wa ofisi, mtu akipita barabarani ayasome.

"Ofisi gani, mwenyekiti?" nikamuuliza. "Hiyo ya nyasi?"

Nilikosea kumjibu hivyo mbele ya watu, lakini sikuomba radhi. Tulipiga kura. Choo kikapita, kwa sharti kwamba asiyetaka kutoa mawe yake asilazimishwe. Wanyoike akayafunika yake kwa turubai. Kesho yake asubuhi, hata hivyo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sepetu.

Tulimpata fundi wa visima kutoka Machakos, jina lake Muteti, mtu mdogo mwenye sauti kubwa. Tulifunga maduka kwa zamu ili tumsaidie. Kinyozi alichimba na aproni yake. Mama wa mitumba alivuta ndoo za matope akiimba nyimbo za kanisa, na Sadiyo alitulisha pilau mchana bila kukubali senti ya mtu. Alhamisi tulifika futi kumi na tano. Ijumaa Muteti akaanza kupanga mawe kutoka chini, na ya kwanza kushuka yalikuwa yangu. Nilitaka midomo ifungwe, na ikafungwa.

Jumamosi saa tatu Muteti akapaza sauti: "Yamepungua kumi tu! Nikikosa hizo, hii mdomo ya juu itaanguka leo leo!"

Machimbo hayangetusaidia, maana barabara ya kwenda huko ilikatika na lori halikuweza kupita. Nje yalibaki mafungu mawili: la Wanyoike chini ya turubai, na la Mohamednur, mzee wa mbuzi, aliyekuwa ameenda mnadani Kajiado. Mohamednur hakuamini rangi. Alichonga jina lake kwa patasi, herufi za kuzama kidole. Nikashika jiwe lake la kwanza, nikalipeleka ukingoni.

Sadiyo akanishika mkono. "Hilo halishuki."

"Kwa nini?"

"Soma. Liko na jina la Mtume ndani yake. Huwezi kuweka jina kama hilo kwa choo."

"Basi tuchonge litoke."

"Umemuuliza mwenyewe? Ni jina lake na ni jiwe lake. Mimi siwezi kula mkate kwa hiyo njia."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia saa inakimbia, kwamba ni hoteli yake tunayopigania, si yangu. Akanijibu polepole, machozi yamemlenga lakini mkono haujaniachilia: "Ndiyo, ni hoteli yangu. Kwa hivyo mimi ndio nasema. Wacha ifungwe."

Niliona aibu, kwa sababu wiki nzima nilijiona mimi peke yangu ndiye mwenye msimamo Kitengela. Nikalirudisha jiwe la Mohamednur palepale nilipolitoa.

Ndipo nikasikia turubai likivutwa. Wanyoike alikuwa amekunja suruali yake ya suti. Alibeba jiwe la kwanza kifuani, akapita mbele yangu bila kunitazama.

"Mwenyekiti, huyo ni babako," Sadiyo akamwambia.

"Najua ni nani, Mama Ifrah. Huyo mzee alilala kwa matope hapa akilinda gunia za vitunguu. Hakuna mtu alimsaidia." Akamwita Muteti. "Pokea! Na uyapange vizuri, unasikia?"

Alibeba yote kumi mwenyewe. Niliposhika la mwisho nimsaidie, aliniambia niliweke chini. Nikaliweka.

Saa tano tulimaliza. Kuta zilikuwa za mabati kutoka kwa Wanyoike, mlango ulikuwa wangu. Saa sita kasorobo bwana afya akafika, amebeba kufuli mpya. Alizunguka choo mara mbili. Alisukuma mabati, akapima umbali hadi jikoni kwa hatua, akarudia kwa hatua ndefu zaidi, na bado umbali ulitosha. Mwishowe akainama na tochi akamulika ndani.

"Huku kuna majina ya watu," akasema. "Hawa ni nani?"

"Ni Chama," nikamwambia. "Si ulikuwa unakiulizia?"

Watu thelathini na kitu walikuwa wamemzunguka, matope hadi magotini, na hakuna aliyemcheka wala kumpisha. Alitoa karatasi, akaandika, akatia sahihi juu ya goti lake. Kufuli akarudisha mfukoni. Halafu, kana kwamba hakuna jambo lililotokea, akaingia hotelini, akavuta kiti na kuagiza chai na mahamri.

Sadiyo alitoka jikoni na birika mkononi. Alisimama mbele ya meza yake, hakumimina.

"Umetoka chooni, bwana afya," akasema, sauti ikifika hadi barabarani. "Nawa mikono kwanza. Maji iko hapo nje, na sabuni."

Bwana afya alitutazama mmoja mmoja. Kisha akainuka, akaenda kunawa.