Donge la Unga Juu ya Vali

Siku tatu Mastura alisikia chuma kikisuguliwa juu ya kioo uani kwake, na siku tatu hakusema kitu. Alikuwa edani. Mumewe Salehe, Mungu amrehemu, alizikwa miezi miwili nyuma, na tangu siku ile Mastura hakuvuka kizingiti cha mlango wa mbele. Alikaa chumba cha nyuma, shuka jeupe mwilini, tasbihi mkononi, pazia limeshushwa dirishani. Bimdogo, shangazi wa marehemu, alikaa naye. Shughuli za wanaume zilibaki upande wa pili wa pazia.

Shughuli yenyewe ilikuwa motokaa ya Salehe, ya zamani, ya kabla ya vita vikuu, iliyokuwa ikibeba abiria wa Usagara na Magu. Watu wa mtaani waliiita Ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma, na waliiita hivyo kwa dhihaka. Ikiwa na watu wawili ilikwenda vizuri. Ikiwa na watano ilipanda mlima kama mtu mwenye pumu. Mwezi uliopita mkaguzi wa magari aliijaza watu akaamuru ipande kilima cha Isamilo. Ikafia katikati. Mkaguzi hakuwa na maneno mengi.

"Alhamisi ya mwisho wa mwezi ujao mnarudi hapa. Isipopanda, naondoa namba."

Muhidin, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuwa akiiendesha sasa. Naye alikwisha kusema lake, akiwa amesimama uani, ameligeuzia pazia mgongo kwa adabu: "Namba ikiondoka, shemeji, gari nauza vyuma. Wewe na watoto mtahamia kwangu Magu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nyumba ya Muhidin ilikuwa na wake wawili na chumba kimoja tu cha ziada, nacho kilijaa pamba mpaka darini. Shule ya binti yake Sada na mdogo wake ilikuwa hapa Mwanza. Mastura alijua kwamba akiingia chumba kile, kutoka kwake kutakuwa kwa jeneza.

Injini mpya hakuna aliyethubutu hata kuitaja. Ndipo Muhidin akamleta Mutayoba, fundi Mhaya, Mlutheri mpole aliyejifunzia kazi Bukoba. Mutayoba aliizunguka Ngosha mara mbili, akagonga boneti.

"Nguvu imo humu humu ndani, imelala tu. Tutaiamsha kwa msasa, kioo cha dirisha na mikono."

Akasaga vali, ile milango midogo ya hewa na moshi ya injini, kwa mkono. Akapanua kidogo tundu la kabureta. Akang'oa kila chuma kilichobebwa bure. Kisha akafungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha injini, akaanza kukipunguza kwa tupa na kukinyoosha juu ya kioo chenye msasa. Kifuniko kikipungua, mafuta na hewa hubanwa zaidi ndani, na moto wake huwa mkali. Gharama yake ni jasho.

Lakini siku ya kwanza kabisa Muhidin alimwonya: "Fundi, mjane yuko edani. Usiseme naye." Mutayoba akaitikia. Akawa hata akipita karibu na dirisha hukohoa kwanza.

Kwa hiyo hakumwuliza Mastura lolote, na Mastura hakumwambia. Na kilichobaki bila kusemwa ni hiki: Salehe alikwisha kukipunguza kifuniko hicho hicho miaka miwili nyuma, uani hapo hapo, Mastura akimwagia mafuta kwenye kioo. Aliposikia sasa kioo kinalia, alidhani fundi anakisafisha kifuniko tu.

Jumatano baada ya adhuhuri wakaiwasha.

Ngosha alinguruma mpaka kuku wakaruka ukuta. Muhidin akapiga makofi. "Ah! Huyu kweli sasa mwanamume! Alhamisi mkaguzi atashika kofia yake!"

Bimdogo akacheka peke yake. Mastura hakucheka. Alikuwa amekanda unga wa chapati za fundi, mikono imeganda ndani ya bakuli. Chini ya ngurumo ile palikuwa na sauti nyingine, ndogo, kavu, kama ukucha unaogonga sahani. Ti, ti, ti, ti.

"Bimdogo, unasikia?"

"Nasikia gari."

"Hilo linalogonga."

"Mwanangu, mimi hata adhana naisikia kwa kukisia."

Mastura akashika pazia. Moyo ulimwambia nyamaza, wanaume wako kazini, wewe uko edani, watu watasema mjane wa Salehe anapiga soga na fundi. Akakumbuka chumba cha pamba.

"Fundi! Zima!"

Injini ikazimwa. Muhidin akageuka kama aliyechomwa. "Shemeji! Uko edani!"

"Eda imenifunga miguu, Muhidin, masikio hapana. Fundi, kifuniko umekipunguza kiasi gani?"

Mutayoba akatazama chini. "Kama unene wa shilingi, mama."

"Salehe alikwisha kukipunguza. Kiasi hicho hicho."

Injini ile vali zake husimama pembeni ya pistoni na kunyanyuka kuelekea kifuniko. Mutayoba hakuhitaji kuelezwa: kifuniko kilichopunguzwa mara mbili hakiziachii nafasi. Alikaa polepole juu ya debe.

"Mungu wangu," alisema. "Zinagonga juu. Ikipanda Isamilo na mzigo, vali inakatika, inaangukia ndani. Basi. Hakuna injini tena."

"Labda haigongi," Muhidin akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Labda ni sauti tu. Shemeji anasikiliza gari dirishani kama mkunga!"

"Nitajuaje?" Mutayoba akasema. "Ikifungwa sioni ndani. Ikifunguliwa hakuna cha kuona. Na kupata kifuniko kingine ni mpaka Nairobi. Mkaguzi ni kesho."

Mastura akaomba kimoyomoyo, si maneno marefu, ni ya rabbi tu, ya rabbi. Akatazama mikono yake. Unga ulikuwa umeshika vidole, na pale alipokuwa amefinya palibaki alama mpaka mstari wa ngozi.

Akaongeza unga mkavu kwenye donge, akalikanda mpaka likawa gumu, akamkabidhi Bimdogo.

"Mpelekee fundi. Mwambie aweke kidogo juu ya kila vali, afunge kifuniko, azungushe injini kwa hendeli taratibu, kisha afungue. Unga utamwambia nafasi iliyobaki ni ya unene gani."

Bimdogo alitoka nalo amelishika kwa mikono miwili. "Haya, fundi. Mkeo akikuuliza umekula nini, mwambie chapati imeliwa na gari."

Mutayoba akalipokea donge. Wakafunga, wakazungusha, wakafungua. Mastura akachungulia pembeni ya pazia. Fundi alikuwa akiinua vipande vya unga kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Vinne vilikuwa vinene. Cha tano chembamba kama karatasi. Vitatu vilivyobaki vilikuwa na tundu katikati.

"Nne zinagonga au zinakaribia," Mutayoba akasema. Alisimama, akalielekea dirisha, na mara hii hakukohoa. "Mama, nitachimba kidogo kwenye kifuniko, juu ya hizo nne tu. Kwa patasi. Lakini nikizidisha, natoboa mpaka kwenye maji ya kupooza injini."

"Chimba kidogo, upime. Unga upo."

Walipima mara sita. Chapati hazikupikwa siku ile. Jua lilipokuwa likielekea ziwani, vipande vyote vinane vilitoka vizima, na Muhidin mwenyewe alivipanga juu ya ukuta.

Alhamisi asubuhi Ngosha aliondoka. Kutoka chumba cha nyuma kilima cha Isamilo kilisikika, hakikuonekana. Mastura na Bimdogo wakakaa chini, Mastura akitega sikio. Sauti ikafika chini ya mlima na mzigo wake wa watu watano. Ikaanza kupanda. Ikawa nzito, lakini haikukohoa. Ikapita kona ya kwanza. Ikapanda tena.

Kisha ikanyamaza.

Mastura alingoja. Punje za tasbihi zikapita vidoleni, thelathini, arobaini. Kimya.

"Imekufa," Bimdogo akanong'ona, akiusoma uso wa Mastura, akajifunika wake.

Mastura hakulia. Aliinuka, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaweka madaftari ya Sada, akaweka kofia ya msikiti ya Salehe. Akachukua gauni la shule la mtoto, akaanza kulikunja, mkono huu, mkono ule. Alifikiri magunia ya pamba yale yatahamishiwa wapi, na watoto watalala upande gani.

Mlimani kitu kikanguruma.

Akasimama hivyo hivyo. Ilikuwa ni Ngosha, inawaka kutoka katikati ya mteremko, inang'ang'ana, inashika, inapanda. Baadaye Muhidin angesimulia kwamba mkaguzi ndiye aliyeamuru izimwe pale pale penye mlima mkali, awaone wataiondoaje. Lakini saa ile Mastura hakujua hayo. Alijua sauti tu. Aliisikiliza mpaka kileleni, akitafuta ile ti, ti, ti chini yake, na hakuipata.

Gauni la Sada lilikuwa bado mkononi, limekunjwa nusu. Akalikunjua, akalitundika msumarini.